Uso wa Mwalimu Ogeto

Makori alikuja dukani wiki ya kufungua shule, wakati ambao Gesare hana hata nafasi ya kunywa chai. Duka lake la sare liko nyuma ya soko la Kisii, na asubuhi hiyo wazazi walikuwa wamebanana kwenye kaunta, kila mmoja akiinua sweta ya mtoto juu na kuuliza kama kuna namba kubwa zaidi. Mzee Makori alisubiri karibu na mlango, kofia mkononi, akikohoa kikohozi chake cha pumu, mpaka watu wakapungua.

"Gesare," akasema, "kamati yetu imefanikiwa. Tutamtolea baba yako sarafu."

Gesare alikuwa amepiga magoti sakafuni akiokota vifungo vilivyomwagika. Hakuinuka. "Sarafu gani, Mzee?"

"Ya ukumbusho. Haitanunua hata kiberiti, lakini itadumu. Watu watakuwa nayo majumbani. Upande mmoja uso wa Mwalimu, upande wa pili jina la kijiji chake, Birongo."

Akamngoja afurahi. Gesare alijua kwamba anangojwa, akajitahidi, lakini alichosikia ni miguu inavyomuuma. Kila mwaka kulikuwa na jambo la baba yake. Kulikuwa na barabara iliyopewa jina lake ikaachwa na mashimo yake, mbio za vijana, fulana, mihadhara. Na kila jambo lilihitaji mtu wa familia wa kukaa kiti cha mbele na kupungia watu mkono. Kaka yake aliishi Mombasa na alikuwa hodari wa kutuma salamu. Mtu wa kiti cha mbele alikuwa Gesare.

"Ni vizuri," alisema hatimaye. "Mnataka nini kwangu?"

"Mama akubali tu. Tutatumia ile picha."

Hakuhitaji kueleza ni picha ipi. Hakuna mtu wa Kisii wala Nyamira asiyeijua.

Baba yake, Abner Ogeto, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Zamani zile watu walipohitaji kibali cha chifu hata kukutana watu kumi kujadili maziwa ya ng'ombe, yeye aliwakusanya wanakijiji jioni darasani na kuwauliza maswali. Kwa nini vijana wanakamatwa na hawafikishwi mahakamani? Kwa nini mjane anafukuzwa shambani kabla matanga hayajaisha? Nani alisema ni lazima tunyamaze? Jioni moja askari waliuzunguka ule mkutano. Wengine walitorokea dirishani. Ogeto alichukuliwa, na aliporudishwa nyumbani jicho la kushoto halikuwepo tena, na taya lilikuwa limeunga upande, kama mlango uliong'oka bawaba.

Hakuacha. Kila chifu alipoita baraza, Ogeto alikwenda akakaa mstari wa mbele, kimya, uso wake umeelekezwa kwa mzungumzaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake. Mpiga picha mmoja kutoka Nairobi alimpiga akiwa amekaa hivyo, na ile picha ikasafiri kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kusafiri. Alikufa kwa kisukari, kitandani mwake, nchi ikiwa imebadilika kiasi cha kumfanya shujaa.

Gesare alikuwa bado tumboni siku ya kipigo. Baba aliyemjua yeye ni yule wa kwenye picha. Alijifunza kutembea upande wake wa kulia ili baba amwone. Alijua jinsi ya kusoma kicheko chake, kilichotokea kwenye pembe moja tu ya mdomo. Mtoto mwenzake alipomwambia shuleni kwamba baba yake anatisha, alishangaa kwa dhati, kisha akampiga.

Jumapili alikwenda Birongo. Mama yake, Nyamusi, alikuwa ametoka kuchuma chai. Alikuwa bado na aproni ya plastiki kiunoni, amekaa kwenye ngazi ya mlango akijinyoosha mgongo. Umri wake haukumruhusu tena kuchuma, lakini hakuna aliyeweza kumwambia. Gesare alimpa mkate aliomletea, akachemsha maji, akaleta chai ya maziwa, akamweleza habari za sarafu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alipuliza chai yake.

"Hapana," akasema.

"Hapana sarafu, au hapana nini, Mama?"

"Sarafu watoe. Sura ile sitaki."

Gesare alidhani hakueleza vizuri. Akaanza upya: kwamba ni heshima, kwamba Mzee Makori amehangaika sana na wafadhili, kwamba ile ndiyo sura inayojulikana.

"Nani alimpa sura ile?" mama akauliza.

Gesare aliinamia kikombe chake.

"Nakuuliza. Mimi niliolewa na mtu mwenye sura yake, aliyopewa na Mungu na mama yake. Ile nyingine alipewa na askari ndani ya chumba, usiku mmoja. Ni kazi ya mikono yao. Sasa Makori anataka kuichonga kwenye chuma ili isiharibike." Aliweka kikombe chini. "Miaka yote wameichapa kwenye fulana nikanyamaza. Kila nikikutana na kijana amevaa, naona anapigwa upya. Unajua kwamba baba yako hakujitazama kwenye kioo tena? Ni mimi niliyekuwa namnyoa."

"Nilikuwa naona ukimnyoa."

"Ulifikiri ni kwa nini?"

Gesare alifikiri ni mapenzi. Alikumbuka beseni la maji ya moto uani, povu, kichwa cha baba kimeegemea tumbo la mama. Hakuwahi kufikiri kingine chochote.

"Lakini yeye mwenyewe aliutumia uso huo," alisema polepole. "Alikuwa anakwenda nao barazani makusudi."

"Aliutumia kwa sababu hakubakiwa na mwingine." Mama aliinuka akishikilia mwimo wa mlango. "Nimechoka, Gesare. Kama mnataka ule, chongeni. Mtanikuta hapa hapa nyumbani. Sitakuja huko kwa sherehe."

Aliingia ndani, na Gesare akabaki pale ngazini na vikombe viwili.

Usingeweza kumpelekea Makori habari ya aina hiyo kwa simu. Gesare alimfuata hadi mji mdogo wa Suneka, kwenye duka lake la mbolea na mbegu, akamkuta amekaa juu ya gunia anavuta dawa ya pumu. Alimwambia maneno ya mama yake kama yalivyo, bila kuyalainisha.

Makori aliifunika ile dawa akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Nilikuwepo, unajua."

"Najua, Mzee."

"Unajua nilikuwepo. Hujui kilichokuwa." Sauti yake haikupanda. "Tulikuwa darasani. Walipogonga, Mwalimu alikwenda kusimama mlangoni. Alituambia, tokeni, nitawashikilia kwa maneno. Nikatoka dirishani. Nilisikia fimbo ya kwanza nikiwa kwenye migomba. Asubuhi yake chifu akasema Mwalimu alianguka akikimbia. Mwaka uliofuata wakasema alianguka. Hadi leo kuna watu wazima na elimu zao wanaosema alianguka. Uso ule ndio ushahidi pekee tulio nao, Gesare. Ukitoa sarafu ya mtu mzima, mwenye macho mawili na taya lililonyooka, utakuwa umewaambia sawa, hakuna kilichotokea."

Alichokuwa akikisikia Gesare kilikuwa kweli. Cha mama yake pia kilikuwa kweli. Alikaa kwenye gunia jingine, na kwa muda wakawa watu wawili waliochoka ndani ya harufu ya mbolea.

"Na wewe je?" Makori akauliza. "Wewe unataka upi?"

"Wa picha," alisema, na alishangaa jinsi jibu lilivyotoka haraka. "Huo ndio baba yangu. Huyo mwingine simjui."

"Basi."

"Lakini mimi sikumnyoa."

Makori alimtazama, kisha akatazama barabarani.

"Mama hajawahi kukuomba kitu, Mzee," Gesare akaendelea. "Mliweka wageni kwake akawapikia. Mlimtaka majukwaani akaja. Hiki ni cha kwanza."

"Hata picha nyingine hamna. Askari walichoma kila kitu walipoisaka nyumba yenu. Mchongaji atachonga nini?"

"Atamuuliza Mama."

Makori alicheka kwa uchungu, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia alisema, "Watu hawatamtambua. Watanilaumu mimi, si nyinyi." Kisha, bila kumtazama: "Mwambie Mama nimekubali. Lakini siku hiyo hadithi nitaisoma mimi, yote, na asiniambie nipunguze."

Mchongaji alikuwa Ratemo, mtu wa Tabaka, ambako kila nyumba huchonga lile jiwe laini linalouzwa kwa watalii. Kazi yake ilikuwa kuchonga sura kwenye jiwe, kubwa kama sinia, ili kiwanda cha Nairobi kiipunguze kwa mashine hadi ukubwa wa sarafu. Alizoea kuchonga vifaru na wapenzi waliokumbatiana. Alifika Birongo kwa pikipiki na jiwe limefungwa kwa gunia, akatandika turubai chini ya paa la uani, na kwa siku kadhaa akawa anachonga huku Nyamusi ameketi mbele yake.

Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu. Ratemo aliuliza kama wachora picha wanavyouliza: paji la uso lilikuwa pana? Pua ilikuwa ndefu? Nyamusi alijibu ndiyo na hapana, na kilichotokea jiweni kilikuwa mwanamume yeyote. Alikitazama akatikisa kichwa.

"Huyu ni shemeji wa mtu," alisema, na Ratemo akacheka mpaka akaweka patasi chini.

Baadaye aliacha kumuuliza juu ya pua. Akamwomba amsimulie tu. Nyamusi akasimulia jinsi Ogeto alivyokuja kwao kumposa, viatu vya kuazima vikimbana, na jinsi alivyokunja uso kwa yale maumivu huku wazee wakidhani ni mtu mkali. Alisimulia alivyokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi, ulimi umetoka kidogo, na alivyolala mdomo wazi Sabato kanisani. Gesare alikuwa amefunga duka siku hiyo, ingawa hakumudu hasara yake, akawa anamenya ndizi pembeni. Hakuwahi kusikia habari za viatu. Mama yake alikuwa mtu wa maneno machache, na yeye alidhani ndivyo alivyozaliwa.

"Taya," Ratemo akasema. "Hapo nimekwama, Mama. Taya lake lilikuwaje?"

Nyamusi aligeuka akanyoosha mkono. "Si ndilo lile pale. Gesare, geuka. Mwonyeshe."

Gesare akageuka, kisu cha kumenyea mkononi. Ratemo alisogea akamtazama kwa upande, akamwomba ainue kidevu, akashika patasi. Gesare alibaki vile vile, shingo ikimkauka, akijitahidi asimeze mate. Watu walikuwa wakimwambia tangu utoto kwamba amefanana na ukoo wa mama yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kumfananisha na baba. Alitaka kujigusa uso lakini mikono ilikuwa na utomvu wa ndizi, mweusi, usiotoka hata kwa sabuni.

Kazi ilipokwisha Nyamusi alipitisha kiganja juu ya jiwe, kutoka paji hadi kidevu. "Masikio hayakuwa hivi," alisema. Ratemo akashika patasi. "Acha. Inatosha. Utayaharibu na mengine."

Sherehe ilifanywa Kisii siku ya Alhamisi. Makori alitaka Jumamosi ili watu wajae, lakini Nyamusi ni Msabato, na wengi wa waliomjua Ogeto pia, kwa hiyo ikawa Alhamisi na viti vingi vikabaki wazi. Hema zilipigwa uwanjani. Wakuu walichelewa. Kwaya iliimba ikamaliza nyimbo zake ikaanza tena ya kwanza. Nyamusi alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, miguu imevimba ndani ya viatu vya kanisani, na Gesare kando yake akipungia watu mkono.

Makori aliposimama alisoma kama alivyoahidi. Hakupunguza. Alitaja darasa, mlango, fimbo, jicho. Aliposema, "Na wakatuambia kwamba alianguka," alilazimika kusimama kupumua, na uwanja mzima ukasikia kifua chake kikipiga mluzi kwenye kipaza sauti. Gesare alimtazama mama yake. Nyamusi alikuwa amefumba macho, lakini hakuondoka.

Kisha kitambaa kikavutwa, na jiwe la Ratemo likaonekana, na sarafu zikaanza kupitishwa kwenye visanduku vidogo.

Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Vijana waliovaa fulana waliinamia sarafu, wakatazama vifua vyao, wakatazama tena sarafu.

"Huyu ni nani sasa?"

"Wamekosea mtu."

"Wamemfanya kama mwanasiasa. Mwalimu Ogeto ni yule wa jicho, bwana."

Mwanamke mmoja alimwendea Gesare moja kwa moja. Jina lake Kwamboka; alikuwa mjane aliyerudishiwa shamba kwa juhudi za Ogeto, na picha ile ilining'inia sebuleni kwake. "Binti yangu," alisema, sarafu imelala kiganjani, "hata mimi mmeninyima? Uso ule ndio ulionitetea. Chifu alishindwa kuutazama, akaniachia shamba langu. Huyu kijana sina habari naye."

"Pole, mama," Gesare alisema. "Nyumbani kwetu ndivyo tulivyoamua."

Kwamboka aliirudisha sarafu kwenye kisanduku chake, akaifunika kwa adabu, akaiweka juu ya meza. Wengine nao wakarudisha. Visanduku vikajipanga mezani kama maandazi ya jana.

Watu walipotawanyika Makori alikuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa jukwaa, sarafu moja mkononi. Gesare alimwendea akijiandaa kulaumiwa. Mzee alikuwa na haki ya kulaumu.

"Uliniambia hawatamtambua," alimwahi. "Imekuwa hivyo."

Makori hakuinua kichwa. "Mimi nimemtambua."

Gesare alikaa.

"Ndivyo alivyokuwa pale mlangoni," mzee alisema. "Aligeuka kidogo kutuangalia kama tumeshatoka wote. Nilikuwa nimeusahau kabisa uso huu. Miaka yote nikimwota, namwona na ule mwingine." Alijifuta pua kwa leso. "Alikuwa mdogo, Gesare. Mimi nilimwona mzee, kumbe alikuwa kijana tu. Nina watoto wanaomzidi umri aliokuwa nao."

Hakulia, na Gesare alishukuru, kwa sababu hakuwa na nguvu za kumbembeleza mtu. Wafanyakazi wa hema walikuwa wanang'oa vigingi na kukunja maturubai, na mmoja aliwaomba radhi, anahitaji lile jukwaa. Wakainuka.

"Zilizobaki nitazipeleka shule," Makori alisema. "Walimu wawaeleze watoto. Itabidi waelezwe, maana sura yenyewe haisemi."

"Nitakuja tuzipeleke pamoja."

"Una duka wewe."

"Nitakuja."

Alimkuta mama yake kwenye gari la kukodi, amekwishavua viatu. Mvua ya alasiri iliwakuta kabla ya kufika Birongo, ikanyesha juu ya majani ya chai kwa kishindo, na dereva akakataa kuteremka hadi nyumbani kwa sababu ya utelezi. Walitembea kipande kilichobaki chini ya mwavuli mmoja, taratibu, Nyamusi akimshika bintiye mkono.

Ndani, alibadilisha nguo zilizolowa, akajilaza kitandani bila kula. Gesare alimfunika blanketi.

"Walikasirika?" mama akauliza, macho yamefumbwa.

"Baadhi yao."

"Na wewe?"

Gesare alifikiri kumdanganya. "Namkosa yule wangu," alisema. "Sikasiriki. Namkosa tu."

Mama alitoa mkono chini ya blanketi akamshika kidevu, akamgeuza kidogo, kama alivyogeuka siku ile mbele ya Ratemo, kisha akamwachia. "Yule wako unaye kwenye simu," alisema. "Kila mtu anaye. Acha mimi nilale na huyu leo."

Alilala mara moja, kwa pumzi nzito za mtu aliyefanya kazi ya kutwa. Sarafu aliyotoka nayo uwanjani ilikuwa ndani ya ngumi yake ya pili. Gesare alivuta kigoda hadi dirishani, akafungua simu, akaitazama ile picha ya barazani: jicho moja, taya lililopinda, ile pembe ya mdomo ambayo watu wote waliiona kuwa ya hasira na yeye peke yake alijua kwamba baba yake alikuwa anakaribia kucheka. Aliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Uani kukawa na hodi. Majirani wa kanisani walikuwa wamekuja kupongeza, wanne au watano, miavuli inachuruzika, mmoja amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Gesare alitoka akafunga mlango nyuma yake bila kelele.

"Mama amelala," aliwaambia. "Asanteni sana. Tafadhali, njooni kesho."